Nchi Jirani: Awilo Longomba, Mtu wa Nyuma ya Ngoma



Kila askari aliyepita katika uwanja wa gwaride anajua kwamba macho ya watazamaji huelekea kwa kamanda wa gwaride, kwa bendera na kwa silaha zinazong'aa. Miguu ya kikosi, hata hivyo, hufuata ngoma. Ngoma ikichelewa nusu hatua, kikosi kizima huvurugika, hata kama kila askari ni hodari kwa nafsi yake. Na gwaride likiisha, ni nadra sana kumsikia mtu akiuliza jina la aliyekuwa akipiga ngoma ile.

Katika muziki wa dansi wa nchi jirani ya Kongo hali ni hiyo hiyo. Majina yaliyovuka mpaka na kuingia katika nyumba za watu wa Afrika Mashariki ni ya waimbaji na wapiga magitaa: Franco, Kabasele, Tabu Ley, Dokta Nico, Papa Wemba. Wapiga ngoma waliopata sifa ya namna hiyo wanahesabika kwa vidole. Mmoja wao ni Awilo Longomba, ambaye alipiga dramu katika bendi kadhaa kabla ya kusimama mbele ya jukwaa kwa jina lake mwenyewe. Safari yake ya kazi yafaa kutazamwa na watu wa majeshi, kwa kuwa inahusu swali ambalo kila mtu wa kikosi atakutana nalo siku moja: je, miaka ya kuwatumikia wengine humwachia mtu nini mkononi?

Awilo Longomba alizaliwa mjini Kinshasa mwaka 1962, miaka miwili baada ya Kongo kupata uhuru wake tarehe 30 Juni 1960. Baba yake, Vicky Longomba, alikuwa mwimbaji mashuhuri na mmoja wa waasisi wa bendi ya OK Jazz mwaka 1956, pamoja na Franco. Mapema mwaka 1960, viongozi wa Kongo walipokuwa Brussels wakijadiliana na Wabelgiji juu ya uhuru, Vicky alikuwa miongoni mwa wanamuziki waliofuatana na Joseph Kabasele katika mji huo. Huko ndiko ulikozaliwa wimbo wa Indépendance Cha Cha, uliosikika katika nchi nyingi za Afrika zilizokuwa zikingoja zamu yao ya kujitawala.

Jina la Longomba halikuwa geni hata katika Afrika Mashariki. Lovy Longomba, mtoto mwingine wa Vicky, alishika kazi ya baba ya uimbaji, akaja Nairobi na kuimba katika bendi ya Super Mazembe. Baadaye, katika miaka ya 2000, watoto wa Lovy nao walipata sifa nchini Kenya kwa kundi lao la Longombas. Familia hiyo, kwa ufupi, ilijulikana kwa sauti. Awilo naye alianza kwa kushika vijiti, akakaa nyuma ya ngoma.

Ili uzito wa kazi hiyo ueleweke, yafaa ikumbukwe jinsi muziki wa Kongo ulivyobadilika. Bendi za mwanzo zilitegemea tumba na manyanga kushika mwendo, huku sauti, magitaa na tarumbeta vikibeba wimbo. Tarehe 24 Desemba 1969 vijana wa Kinshasa walianzisha bendi ya Zaiko Langa Langa. Vijana hao waliweka kando tarumbeta na saksafoni, wakayapa magitaa na dramu nafasi ya mbele. Mpiga dramu wao, Meridjo Belobi, ndiye anayehusishwa na mdundo wa cavacha, mdundo wa haraka unaopigwa kwenye ile ngoma ndogo yenye nyuzi chini yake, pasipo kupumzika. Mdundo huo ulienea upesi. Bendi za Wakongo zilizopiga kambi Nairobi, kama Super Mazembe na Les Mangelepa, ziliutumia, na wachezaji wa Kenya na Tanzania wakauzoea kama wa kwao.

Tangu wakati huo mpiga dramu wa Kikongo alikuwa na madaraka makubwa. Wimbo huanza polepole, waimbaji wakieleza habari yao. Kisha hufika mahali ambapo uimbaji unapungua, magitaa yanashika kasi, na wachezaji wanaingia uwanjani kwa nguvu zote. Wakongo huita sehemu hiyo sebene. Watanzania waliiita chemko. Mpito huo hupita mikononi mwa mpiga dramu. Akiingia mapema atamkata mwimbaji kauli. Akichelewa, gitaa litabaki likielea hewani. Tena, akishaingia, hana ruhusa ya kuchoka. Mpiga gitaa aweza kupumzika mwenzake akiendelea, na mwimbaji aweza kunywa maji. Mpiga dramu akisimama, dansi limesimama.

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Awilo Longomba katika bendi za Stukas, Viva La Musica, Nouvelle Génération na Loketo. Kwa msikilizaji wa mbali bendi hizo zaweza kuonekana kuwa kitu kimoja, lakini kwa mpiga dramu kila moja ilikuwa na sheria zake. Stukas iliongozwa na Lita Bembo, mtu aliyejulikana kwa vituko na unenguaji wake jukwaani, na katika bendi ya namna hiyo ngoma hulazimika kuufuata mwili wa kiongozi. Viva La Musica, iliyoanzishwa na Papa Wemba mwaka 1977, ilikuwa bendi ya sauti nyingi za waimbaji, na ngoma ililazimika kuziachia sauti hizo nafasi zisikike. Loketo ya Aurlus Mabele na mpiga gitaa Diblo Dibala ilikuwa na makao yake Paris, na huko mtindo wa sukusi ulikuwa umeifupisha sana ile sehemu ya polepole, au kuiacha kabisa, ili wimbo uanze mara moja na chemko. Mpiga dramu aliyeweza kutumika katika bendi zote hizo ilibidi awe na mkono imara na sikio lenye utii.

Yapo pia mazingira yaliyowafanya wanamuziki wa Kongo kuhama mara kwa mara. Wahenga walisema, ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Zaiko Langa Langa yenyewe ilimeguka mwaka 1974, Papa Wemba na wenzake walipotoka kuanzisha Isifi Lokole. Na kabla ya miaka mitatu kupita Wemba alikuwa amepitia bendi nyingine na kuunda ya kwake. Bendi nyingi zilikuwa mali ya kiongozi wake. Kiongozi akigombana na wenzake, au akisafiri Ulaya asirudi, mpiga dramu alibaki bila kazi.

Hapo pana tofauti na desturi ya Tanzania ambayo askari wanaielewa vizuri. Polisi Jazz, wana Vangavanga, Mwenge Jazz ya jeshi, na Kimulimuli ya Jeshi la Kujenga Taifa zilikuwa bendi za vyombo vya dola. Mpiga dramu wa huko alikuwa chini ya nidhamu ya chombo chake, vyombo vya muziki vilikuwa mali ya kikosi, na kiongozi mmoja akiondoka bendi iliendelea kuwapo. Mwanamuziki wa Kinshasa aliweza kuhama bendi nne bila kuvunja kiapo chochote. Askari hahami bendera. Jambo wanalolingana ni kwamba wote wawili, siku ya kuondoka, huacha nyuma vifaa na jina la kikosi. Kinachobaki kwao ni ujuzi walioupata.

Kwa Awilo Longomba siku hiyo ilifika mwaka 1995. Aliweka vijiti chini, akatoa albamu yake ya kwanza, Moto Pamba, akiwa mwimbaji na kiongozi, kwa msaada wa wanamuziki marafiki zake. Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Aliyezoeleka kuwa mpiga ngoma alikuwa akiingia katika kazi iliyokwisha kujaa mabingwa, tena akibeba jina la baba ambaye alikuwa amefariki mwaka 1988 na ambaye sauti yake ilikuwa bado inakumbukwa. Lakini mtu aliyekaa miaka mingi nyuma ya jukwaa alikuwa amepata nafasi ya kuwaona wachezaji wakiinuka na wakiketi. Alijua ni mahali gani wimbo unapowachosha na ni wapi unapowainua.

Mwaka 1998 ilitoka Coupe Bibamba, na ikampa sifa katika sehemu nyingi za Afrika na nje ya Afrika. Zikafuata Kafou Kafou mwaka 2001 na Mondongo mwaka 2004. Mtindo wake uliitwa tekno-sukusi, kwa kuwa ulichanganya magitaa ya Kikongo na vinanda vya umeme na midundo ya mashine. Wapo waliolalamika kwamba mashine inaua ngoma ya mkono. Malalamiko hayo yana haki yake, kwa maana mashine haiajiri mtu wala haifundishi kijana. Hata hivyo, mashine hupiga kile ilichoamriwa, na katika nyimbo hizo aliyekuwa akiongoza ni mtu aliyeujua mdundo kwa mikono yake mwenyewe.

Mwaka huo huo wa 1998, mwezi Agosti, vita vipya vilizuka Kongo. Nyimbo za Kikongo zilikuwa zikipigwa katika mabasi na mabaa ya Afrika Mashariki wakati wakimbizi wa Kongo wakivuka Ziwa Tanganyika kuingia Kigoma. Kuanzia mwaka 2013 askari wa Tanzania, pamoja na wenzao wa Afrika ya Kusini na Malawi, walikwenda mashariki mwa Kongo katika kikosi maalumu cha Umoja wa Mataifa. Tarehe 7 Desemba 2017, katika kambi ya Semuliki, askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa wakiwa kazini. Jambo hilo halitasahauliwa, wala halipasi kusahauliwa.

Kwa sababu hiyo hiyo yafaa jirani huyu asijulikane kwa milio ya bunduki peke yake. Watu waliolindwa na askari hao ndio waliolea muziki uliofundisha nusu ya Afrika kucheza. Mwezi Desemba 2021 shirika la UNESCO liliingiza rumba ya Kongo, ya Kinshasa na ya Brazzaville, katika orodha ya urithi wa binadamu. Heshima hiyo ni ya wapiga dramu, wapiga tumba na wapiga manyanga sawasawa na waimbaji, ingawa wengi wao hawakupata kuandikwa majina hata nyuma ya jalada la sahani ya santuri.

Awilo Longomba alibahatika kutoka nyuma akafahamika. Wengi wa kazi yake hawakutoka, na dansi lilikwenda kwa mikono yao. Wimbo wa Kikongo utakapopigwa katika kantini au redioni, na chemko litakapoanza, msikilizaji na aisikilize ngoma kwanza, kisha aulize ni nani aliyeipiga.