Gesi ya Nyumbani Iwafikie Wenye Magari



Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafla duniani, na mataifa machanga yasiyo na visima yakaumia kuliko mengine. Mwaka uliofuata gesi asilia iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa. Na mwaka 1982 ikagunduliwa nyingine Mnazi Bay, mkoani Mtwara. Hata hivyo ilipita miaka 30 kabla ya gesi ya Songo Songo kufika Dar es Salaam mwaka 2004, ikaanza kuzalisha umeme na kuendesha viwanda. Bomba kubwa kutoka Mtwara lilizinduliwa mwaka 2015. Muda wote huo magari mengi yameendelea kutumia petroli na dizeli zinazonunuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, fedha zile zile zinazohitajika kwa dawa na mitambo.

Gesi hiyo si ile ya mitungi ya jikoni. Hushindiliwa katika mtungi imara kwa mgandamizo wa takriban mara 200 ya ule wa hewa ya kawaida. Kilo moja hutoa nguvu inayokaribia ile ya lita moja na nusu ya petroli. Ikivuja mahali pa wazi hupanda juu na kutawanyika, kwa kuwa ni nyepesi kuliko hewa. Lakini mtungi na mabomba yake sharti vifungwe na mafundi waliohitimu na kukaguliwa kwa wakati.

Dereva wa bajaji au teksi hahitaji kuhubiriwa sana kuhusu faida hiyo. Huihesabu jioni anapofunga mahesabu. Kinachomrudisha nyuma ni mambo mawili: gharama ya kubadili mfumo, ambayo kwa gari dogo huzidi shilingi milioni moja, na uhaba wa vituo. Saa anazokaa katika foleni ni saa asizobeba abiria. Akiba aliyoipata katika bei huipoteza katika kungoja.

Mji wa Delhi ulikwisha kupata funzo hilo. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya India iliamuru mabasi ya mji huo yatumie gesi ili kupunguza moshi. Mabasi yalibadilishwa upesi kuliko vituo vilivyojengwa, na madereva wakapanga foleni usiku kucha. Kazi ilikamilika mwishoni mwa mwaka 2002, lakini baada ya usumbufu uliowapata wafanyakazi na abiria.

Kwa hiyo, kumhimiza mwananchi atumie gesi bila kumjengea kituo ni kumwalika mgeni karamuni na kumfungia mlango. Vituo vitangulie, vifike mikoani, na mikopo ya masharti nafuu imfikie dereva mdogo. Mabasi ya umma nayo yaongoze njia. Miaka 30 ya kungoja kati ya kisima na jiji inatosha. Isiongezwe mingine kati ya bomba na gari.