Sindano ya Mshipa na Kalamu ya Karani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Dodoma)



Twashukuru kwa kutuita sisi wauguzi tuseme nanyi juu ya dawa zitiwazo katika mshipa wa damu. Labda wako wanaodhani kuwa jambo hili ni la wodini tu, wala halimhusu mtu wa meza na daftari. Twawaomba mtuvumilie kidogo.

Dawa ya kumeza huenda polepole. Dawa ya mshipani hufika moyoni kwa muda wa pumzi chache, na ikiisha kuingia hakuna awezaye kuirudisha.

Tutwae mfano mmoja. Hapa Ugogo mvua huanza mwezi wa Desemba, na malaria kali hufuata. Zamani tulitumia kwinini, nayo ilitaka kudondoshwa kwa muda wa saa nne. Ikiharakishwa, moyo huweza kusimama. Kisha ukafanywa utafiti katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwamo, ukatangazwa mwaka 2010. Katika watoto 2,713 waliopewa kwinini walikufa 297. Katika 2,712 waliopewa artesuneti walikufa 230. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaagiza watoto wenye malaria kali wapewe artesuneti.

Dawa hiyo huja ikiwa unga, miligramu 60 katika kichupa. Mwuguzi hunawa mikono, hufuta kizibo kwa spiriti, hutia mililita 1 ya sodiamu baikaboneti, akatikisa mpaka iwe angavu. Ikibaki na ukungu haitumiki. Kisha huongeza mililita 5 za maji ya chumvi au ya glukosi, wala si maji matupu ya sindano. Hapo kila mililita ina miligramu 10. Hutazama kwanza kama kanula imo mshipani na mkono haukuvimba, ndipo huisukuma kwa utaratibu, mililita 3 au 4 kwa dakika. Isipotumika kwa muda wa saa moja humwagwa. Jambo hilo hutuuma, hasa bohari ikiwa karibu tupu, lakini humwagwa.

Mtoto asiyefika kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Aliyefika au kuzidi, 2.4. Na hapa ndipo tufikapo kwenu.

Katika kituo kimoja tulichotumikia, mtoto aliletwa usiku, hajitambui. Karatasi ya mapokezi ilisema uzito wake ni 41. Mmoja wetu akafanya hesabu: miligramu 98.4, vichupa viwili. Mwenzake, ambaye kazi yake ni kuhesabu upya bila kuitazama hesabu ya kwanza, alimtazama mtoto, akauliza, "Mama, mwanao ana umri gani?" Mama akajibu, "Atatimiza mitatu mvua hizi." Mtoto akapimwa tena: kilo 14. Haki yake ilikuwa miligramu 42. Tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana viti, na aliyeziandika ni karani mwema, mwenye hati nzuri kutupita sote, aliyekuwa kazini tangu alfajiri.

Tena yako majina. Akina Mazengo wawili huweza kulala katika wodi moja. Hatumwulizi mgonjwa, "Wewe ni Mazengo?" kwa maana mwenye homa huitikia kila jina. Twamwambia ajitaje mwenyewe, kisha twatazama namba ya faili, namba mliyoiandika ninyi.

Basi twaomba mambo machache. Uzito uandikwe mbele ya mizani, usingoje meza, na usomwe kwa sauti ili mama asikie. Msiandike 2.0, kwa maana nukta ikififia huwa 20; andikeni 2. Lakini nusu iandikwe 0.5, sifuri itangulie. Na mwuguzi akirudi dirishani kuuliza tarakimu, msione ya kuwa amewadharau.

Tumeleta nakala za karatasi ya vipimo. Walio mapokezi na bohari wazitwae kwa Bwana Katibu kabla ya kutoka.