Presha Isiyouma: Glakoma Mlangoni pa Kituo cha Afya Kangemi

Kutoka soko la Kangemi, Nairobi, hadi Hospitali ya Macho ya Lions SightFirst, Loresho, mtu mwenye miguu mizima hahitaji matatu. Akipenda, atapanda gari la Kikuyu pale Waiyaki Way na kushuka karibu na hospitali ya PCEA, yenye kitengo cha macho kinachojulikana nchi nzima. Ni mitaa michache ya Afrika Mashariki iliyojaliwa ujirani wa namna hiyo, kwa hiyo mhadhara huu hauwezi kusingizia umbali. Swali lake ni kwa nini mkazi wa Kangemi afike kwa jirani huyo jicho moja limekwisha kuzima na la pili liko njiani.

Glakoma haimpi mtu sababu ya kutoka nyumbani. Ndani ya jicho hutengenezwa maji maangavu mchana na usiku, nayo hutoka kupitia chujio dogo lililo kwenye pembe, pale kioo cha mbele cha jicho kinapopakana na weupe. Chujio likizibazibika, maji hujaa na kusukuma. Mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo huchakaa uzi baada ya uzi. Nyuzi hizo hufika milioni moja, na iliyokufa haifufuki. Uoni wa pembeni ndio hutangulia kwenda. Mgonjwa haoni giza pembeni, kwa sababu ubongo hujaza pengo kwa kubuni, na jicho zima humsitiri mwenzake. Akijikwaa ukingoni mwa barabara hulaumu barabara. Akigongwa bega na mkokoteni sokoni, humgeukia mwenye mkokoteni.

Jina nalo limechangia madhara. Wengi huuita ugonjwa huu presha ya macho, na mama anayemeza vidonge vya presha ya damu huondoka akiamini vidonge hivyohivyo vinatibu yote mawili. Havitibu. Tena mhudumu akipima jicho na kukuta kipimo kati ya 10 na 21, kiwango kinachohesabiwa kuwa cha kawaida, huenda akamwambia mtu aende kwa amani. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Baltimore, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1991, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya macho yenye glakoma yalikuwa chini ya 22 siku yalipopimwa. Namba peke yake si hukumu.

Takwimu za karibu na nyumbani zilitoka Kongwa, Dodoma. Mwaka 2000 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapima macho watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na zaidi: zaidi kidogo ya 4 katika kila 100 walikuwa na glakoma ya aina moja au nyingine. Kongwa ni vijijini na Kangemi ni mtaa wa vijana wapangaji, hivyo si haki kuinakili hesabu ile kama ilivyo. Lakini benchi la kliniki ya presha na kisukari halikaliwi na vijana.

Hapo kwenye benchi ndipo kazi ianzie. Mwaka 2022 jopo la kitaifa la Marekani linaloshauri kuhusu uchunguzi wa kinga lilisema ushahidi hautoshi kupendekeza kuwapima watu wazima wote wasio na dalili, na ushauri huo una busara hata kwa Nairobi: hema la upimaji la siku moja, lenye kipimo cha presha na picha za wafadhili, hukamata wachache na kuwapa wengi matumaini ya uongo. Kumtazama mtu aliyekwisha kuingia mlangoni kwa shida nyingine ni jambo tofauti. Afisa wa kliniki anahitaji maswali mawili na tochi. Una miaka mingapi? Kuna aliyepofuka katika ukoo wenu? Kisha amulike jicho la kulia, ahamie la kushoto, arudi tena. Mboni inayotanuka mwanga unapoifikia inamwambia kwamba mshipa wa upande huo umeharibika kuliko wa pili. Anyooshe vidole pembeni, mgonjwa akimtazama puani, avihesabu bila kugeuka.

Chombo kinachomaliza ubishi ni kile alichokibuni Hermann von Helmholtz mwaka 1851, cha kutazamia ndani ya jicho. Kichwa cha mshipa huonekana kama sahani yenye kishimo katikati. Kishimo kikizidi sehemu sita za kumi za upana wa sahani, au macho mawili yakitofautiana waziwazi, mgonjwa aandikiwe barua ya rufaa. Waafrika wengi wana sahani kubwa kwa maumbile, kwa hiyo baadhi ya barua hizo zitarudi na jibu la kheri. Hiyo si hasara.

Duka la dawa nalo lina sehemu yake. Matone yenye steroidi, kama deksamethasoni, hutuliza macho yanayowasha, na mtoto mwenye mzio huyapenda kwa kuwa yanafanya kazi siku hiyohiyo. Yakitumiwa miezi bila daktari, huweza kupandisha presha ya jicho na kuua mshipa. Ushauri wa kusubiri mtoto wa jicho akomae ni hatari nyingine, maana si kila ukungu ni mtoto wa jicho.

Aina moja tu hupiga kelele: jicho jekundu lenye maumivu makali, kutapika, taa kuzungukwa na pete za rangi. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali ya macho siku hiyohiyo, si kupewa dawa ya malaria au ya kipandauso.

Matibabu hushusha presha ili kilichobaki kibaki. Timololi ni matone ya bei nafuu, lakini mwenye pumu asipewe. Latanoprosti hutiwa mara moja jioni, na chupa isiyofunguliwa hukaa kwenye friji, jambo la kumuuliza muuzaji kabla ya kulipa. Tone moja latosha. Mtu afumbe jicho na kubonyeza kona ya jicho iliyo upande wa pua kwa dakika moja au mbili. Mzigo mkubwa ni kununua chupa kila mwezi kwa ajili ya ugonjwa usiouma. Ndiyo maana jaribio la hospitali ya KCMC, Moshi, lililochapishwa mwaka 2021, linastahili kusomwa Nairobi: baada ya mwaka mmoja, tiba ya leza ilifanikiwa katika macho 61 kwa kila 100, timololi katika 31.

Hata hivyo, swali la thamani kuliko yote, lile la ukoo, halina gharama. Uchunguzi wa Rotterdam, uliotolewa mwaka 1998, uliona kwamba ndugu na watoto wa mgonjwa wana hatari ya kuupata maishani ya takribani 22 kwa 100, ilhali kwa wengine ni kama 2. Kangemi ni mtaa wenye Waluhya wengi, na kaka na dada wa mgonjwa huenda wako Vihiga, ambako kuna Hospitali ya Macho ya Sabatia. Kabla mgonjwa hajaondoka na matone yake, afisa wa kliniki amwombe atoe simu na kuwapigia palepale.