Anayechukua Bunduki Huchukua Deni



Bunduki inapotoka mkononi mwa mchungaji wa Karamoja, mambo mawili hutendeka kwa wakati mmoja. Askari aliyeipokea huandika namba yake katika daftari, na mchungaji aliyeitoa hurudi zizini akiwa na fimbo tu. Jambo la kwanza huhesabiwa na kutangazwa. Jambo la pili halihesabiwi, lakini ndilo linaloamua kama bunduki nyingine itanunuliwa kabla ya mwaka kwisha. Anayemwondolea mtu silaha ya kulinda mali yake amechukua deni la kuilinda mali hiyo yeye mwenyewe. Historia ya Karamoja kwa zaidi ya miaka mia moja ni historia ya deni hilo, jinsi lilivyolipwa na jinsi lilivyoachwa bila kulipwa.

Karamoja iko kaskazini mashariki ya Uganda, katika nchi kavu ya kilometa za mraba zipatazo 27,000. Upande wa mashariki imepakana na Waturkana na Wapokot wa Kenya, na upande wa kaskazini na Watoposa wa Sudan Kusini. Ndani yake wamo Wadodoth, Wajie, Wabokora, Wamatheniko, Wapian, Wapokot, Watepeth, Waik na wengineo. Mvua yake haina uhakika, na mwaka ikikosekana mtama hukauka shambani. Kwa hiyo ng'ombe ndiye ghala, ndiye benki na ndiye mahari. Mwenye ng'ombe huhamia palipo na majani na maji, na ng'ombe hajui mpaka ulipopita. Anayeibiwa ng'ombe wake wote kwa usiku mmoja ameondolewa chakula cha watoto, ndoa ya mwanawe na heshima yake mbele ya wazee. Askari asiyelielewa jambo hilo hatalielewa eneo analolilinda.

Serikali ya kikoloni haikutaka kulielewa. Mwanzoni mwa karne ya ishirini wafanyabiashara wa pembe za ndovu waliingia Karamoja na bunduki, na mwaka 1911 Waingereza waliwapiga marufuku wafanyabiashara hao, wakapeleka askari wa doria na kulifunga eneo. Utawala wa kiraia haukuanza mpaka mwaka 1921. Tangu hapo Karamoja ilitawaliwa kama chumba kilichofungwa ufunguo: mgeni hakuingia bila ya ruhusa, shule zilikuwa chache, na wizi wa ng'ombe ulijibiwa kwa kunyang'anya ng'ombe wa ukoo mzima. Mwaka 1958 ikatungwa sheria ya maeneo maalum iliyozidi kuwapa maofisa mamlaka. Kwa vizazi viwili Mkaramojong aliiona serikali katika sura moja tu, nayo ni sura ya mtu mwenye sare aliyekuja kuchukua.

Utawala wa namna hiyo haukuwa wa Karamoja peke yake. Katika mpaka wa Pakistan na Afghanistan, Waingereza walitunga mwaka 1901 kanuni zilizoruhusu kabila zima kuadhibiwa kwa kosa la mtu mmoja, na bila ya haki ya kukata rufani. Pakistan ilipopata uhuru ilizirithi kanuni hizo, ikazitumia kwa miongo mingi, mpaka mwaka 2018 ilipoyaunganisha maeneo hayo ya makabila na jimbo la Khyber Pakhtunkhwa. Kabla ya hapo watu wenye silaha walikuwa wamekwisha jipenyeza katika maeneo hayo yasiyo na mahakama za kawaida, na vita vilivyofuata viliwatoa raia wengi sana makwao. Fundisho lake ni wazi. Mahali ambapo sheria ya nchi haifiki, sheria ya bunduki hufika.

Huko Karamoja bunduki zilifika kwa wingi mwaka 1979. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka, askari wa kambi ya Moroto walikimbia na kuliacha ghala la silaha bila ya mlinzi. Wamatheniko, waliokuwa karibu, waliingia na kuchukua maelfu ya bunduki pamoja na risasi zake. Kabla ya siku hiyo uvamizi ulikuwa wa mikuki zaidi, na wazee waliweza kuupima na kuuzuia. Baada ya siku hiyo kijana mwenye bunduki hakuhitaji tena idhini ya mzee. Waliokosa bunduki waliporwa na majirani zao, na ukame ukaongezeka juu ya uporaji. Njaa ya mwaka 1980 iliwaua watu wengi mno. Uchunguzi wa madaktari uliochapishwa baadaye ulionyesha kwamba, katika sehemu walizozichunguza, watu 21 katika kila 100 walikufa katika muda wa mwaka mmoja, na katika watoto wachanga walikufa 60 katika kila 100. Hayo ndiyo matunda ya ghala moja la silaha lililoachwa wazi. Kila askari anayekesha zamu mlangoni mwa ghala ayakumbuke.

Kuziondoa bunduki hizo lilikuwa jambo la lazima, na serikali haikuweza kuliepuka. Mwezi Desemba 2001 ulianza mpango wa kusalimisha silaha kwa hiari, na aliyetoa bunduki aliahidiwa mabati na jembe la kukokotwa na ng'ombe. Katika miezi michache zilikusanywa bunduki zipatazo 10,000. Wananchi walikuwa wameahidiwa jambo kubwa kuliko mabati na jembe, nalo ni kwamba jeshi litasimama kati yao na majirani zao. Lakini mwezi Machi 2002 vikosi vilihitajika kwenda kupambana na waasi wa Joseph Kony, na sehemu kubwa ya askari waliokuwa Karamoja wakaondoka. Wabokora walikuwa miongoni mwa waliotoa bunduki nyingi, na wakaporwa na wenzao ambao hawakutoa. Familia nyingi zilizofilisika zilielekea mijini. Wakazi wa Kampala wamezoea kuwaona akina mama na watoto kutoka Napak wakiomba kando ya barabara. Wengi huwalaumu, na wachache hujiuliza ng'ombe wa wazazi wao walikwenda wapi.

Aliyedanganywa mara moja hakubali mara ya pili kwa urahisi. Kwa hiyo mpango uliporudi mwaka 2006 haukupokewa kwa hiari. Vijiji vilizingirwa alfajiri na kupekuliwa. Mwezi Oktoba mwaka huo, huko Lopuyo katika wilaya ya Kotido, askari 16 waliuawa pamoja na kamanda wao, na jibu la jeshi liliua raia pia. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika habari za vipigo, za watu kuwekwa kambini mpaka ndugu zao walete bunduki, na za nyumba kuchomwa moto. Lawama hizo zilikuwa chungu kusikika jeshini. Hata hivyo jeshi lilikiri kwamba makosa yalitendeka, baadhi ya askari waliadhibiwa, na makamanda wakajifunza kukaa na wazee kabla ya kuzingira kijiji. Waliotumikia huko wanajua kwamba habari za bunduki zilizofichwa zilianza kuja zenyewe pale mwananchi alipoacha kuogopa kuingia kambini.

Hata jambo lililofanywa kwa nia njema lilihitaji kusahihishwa. Ili kuwalinda ng'ombe wa watu waliosalimisha silaha, maelfu ya mifugo walikusanywa katika mazizi makubwa karibu na kambi za jeshi. Wezi walipata shida, lakini majani yaliisha upesi, magonjwa yakaenea, na watoto waliobaki nyumbani wakakosa maziwa. Ulinzi unaomzuia mwenye mali kuitumia mali yake ni nusu ya ulinzi.

Pamoja na makosa hayo, deni lilianza kulipwa. Katika miaka ya 2010 Karamoja ilipata utulivu ambao vijana wake hawakuwahi kuuona. Barabara ya lami ilifika Moroto, masoko ya mifugo yakafunguliwa, na watu wakarudi kulima ardhi iliyoachwa kwa hofu. Wazee nao walifanya sehemu yao. Kwa Azimio la Nabilatuk walikubaliana kwamba jamii ya mwizi irudishe ng'ombe walioibwa mara mbili na kuongeza mmoja. Serikali iliwapa askari wa kufuata nyayo, wazee wakatoa majina ya wezi, na kwa miaka kadhaa kila upande uliutegemea mwingine.

Utulivu huo ulianza kupasuka mwaka 2019. Uvamizi ulirudi, bunduki zikavushwa tena kutoka ng'ambo, na ng'ombe wa wizi wakapakiwa katika malori kwenda kuuzwa machinjioni mbali na Karamoja. Mwezi Julai 2021 jeshi na polisi walianzisha operesheni iliyopewa jina la Kiswahili, Usalama kwa Wote. Mwezi Machi 2022 wataalamu watatu wa madini wa serikali waliuawa katika wilaya ya Moroto pamoja na askari wawili waliokuwa wakiwalinda, na waliolaumiwa walikuwa Waturkana wenye silaha kutoka Kenya. Msiba huo uliwakumbusha wote jambo ambalo wachungaji walikwisha lisema siku nyingi: huwezi kuondoa bunduki upande mmoja wa mpaka na kuiacha upande wa pili, kisha ukaliita tendo hilo amani.

Juu ya mpaka huo viongozi wamechukua hatua. Mwezi Septemba 2019 Rais Museveni na Rais Kenyatta walikutana Moroto, na nchi zao zikatia sahihi mapatano juu ya amani na maendeleo ya Waturkana, Wapokot na Wakaramojong. Mwezi Februari 2023 Kenya ilianzisha operesheni yake katika kaunti za kaskazini, zikiwemo Turkana na Pokot Magharibi. Mwezi Mei mwaka huo Rais Museveni alitoa amri iliyowapa Waturkana waliokuwa Uganda muda wa miezi 6 kumaliza jambo la bunduki haramu na mifugo iliyoibwa. Hatua zote hizo zina maana endapo kamanda wa Moroto na mwenzake wa Lodwar watazungumza kila wiki, wala wasisubiri mkutano wa mawaziri. Bwawa la Kobebe hunywesha ng'ombe wa Wajie, wa Wamatheniko na wa Waturkana. Wakati wa kiangazi bwawa hilo moja laweza kuwa soko au uwanja wa vita, na tofauti hiyo mara nyingi hufanywa na afisa mmoja aliyefika mapema.

Wala amani ya mpakani si ndoto. Mwezi Desemba 1973 Waturkana na Wamatheniko walikutana Lokiriama, katika nchi ya Turkana, wakazifukia silaha ardhini na kuapa kutouana tena. Kila mwaka watu wa pande zote mbili hukusanyika huko kuukumbuka mkataba huo. Zimepita serikali kadhaa tangu siku hiyo, na bunduki zimeongezeka, lakini kiapo kile kimedumu kuliko karatasi nyingi zilizotiwa mihuri, kwa sababu waliokitoa ndio waliokuwa na cha kupoteza.

Linabaki jambo la utawala. Karamoja haiwezi kutulizwa na askari peke yao, kama vile mgonjwa hawezi kuponywa na mlinzi wa hospitali. Mwizi aliyekamatwa hana budi apelekwe mbele ya sheria. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahakama za kijeshi hazina mamlaka ya kuwahukumu raia, na mwezi Juni mwaka huo sheria ya jeshi ilirekebishwa ili kuirudisha njia hiyo kwa makosa maalum. Mahakama yoyote itakayosikiliza kesi itahitaji ushahidi, na ushahidi huanza kwa askari anayeandika siku, mahali, jina la shahidi na alama za ng'ombe. Vivyo hivyo msaada uliotumwa lazima ufike. Mabati yaliyonunuliwa kwa ajili ya Wakaramojong yalisababisha mawaziri watatu kufikishwa mahakamani mwaka 2023. Kijana aliyetoa bunduki yake milimani akisikia habari hiyo atauliza nani hasa anayepora Karamoja, na askari aliye mbele yake ndiye atakayebeba hasira ya swali hilo.

Kwa hiyo kazi ya mwanajeshi na polisi huko mpakani haipimwi kwa bunduki zilizopangwa mbele ya kamera. Inapimwa kwa saa zilizopita tangu mama alipopiga yowe mpaka doria ilipoanza kufuata nyayo. Inapimwa kwa ng'ombe waliorudishwa kwa mwenyewe hasa, kwa daftari na mashahidi, bila ya hata mmoja kupotea njiani. Nyayo zinapoishia katika zizi la mtu, si kila ng'ombe aliyemo ni wa wizi. Askari anayewaswaga wote amewaadhibu wasio na hatia, na usiku huohuo amewapa wezi wapiganaji wapya. Wahenga walinena: Mgala muue na haki yake mpe. Ikiwa hata adui ana haki yake, basi raia wa Uganda aliyezaliwa Kotido au Kaabong anayo zaidi.

Mkaramojong aliyesalimisha bunduki yake ametoa kitu ambacho baba yake alikilipia kwa ng'ombe. Ameiamini sare ya serikali. Siku atakapolala usingizi wake wote, na kuamka akakuta mifugo yake imetimia, deni litakuwa limelipwa; na siku hiyo hapatakuwa na haja ya kumwomba mtu yeyote bunduki nyingine.