Simu ya Mwongozaji Inampigia Nani? Wanafunzi wa Sanaa za Maonyesho na Waliowatangulia Kazini



Nilikusudia kuzungumzia historia ya mafunzo ya sanaa za maonyesho nchini Tanzania. Wengi wenu mnaijua: vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo, kisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), na kule Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, idara ya kina Penina Muhando na Amandina Lihamba. Sitairudia. Nimebadili nia kwa sababu ya kauli niliyoisikia kikaoni, tulipokuwa tukijadili pendekezo la kuwakutanisha wanafunzi na wahitimu walio kazini. Mwenzetu mmoja, msomi ninayemheshimu, alisema kwamba kwa kufanya hivyo tutakuwa tunafundisha kujuana. Kazi ya chuo ni kufundisha, alisema. Mwenye kipaji atajitafutia njia. Akamtolea mfano mwigizaji wa filamu, marehemu Steven Kanumba.

Kauli hiyo ina mvuto, na ndiyo maana nitaing'ang'ania kuliko adabu ya mhadhara inavyoruhusu.

Nianze na Kanumba. Kanumba, kama mwigizaji mwenzake Vincent Kigosi, alipitia Kaole Sanaa Group, kikundi kilichojulikana kwa michezo yake ya kuigiza ya televisheni. Kaole haikuwa chuo. Ilikuwa mahali ambapo mgeni anafanya mazoezi bega kwa bega na mwigizaji aliyekwisha kuizoea kamera, na akikosea anasahihishwa papo hapo mbele za watu. Biashara ya filamu za Kibongo ilipopamba moto miaka ya 2000, hawa walikuwa tayari wanajua nani anaweza nini na nani huchelewa. Kipaji cha Kanumba kilikuwa kikubwa, sibishi. Lakini kilipita kwenye mlango ambao wengine waliutangulia kuufungua. Shahidi aliyeitwa na mwenzangu ametoa ushahidi kwa upande wangu.

Hofu ya upendeleo, iliyojificha ndani ya neno lake "kujuana", ina uzito zaidi. Mwongozaji anayemhitaji mpiga marimba kesho kutwa hatangazi gazetini, anapiga simu. Usaili wa wazi upo, ila kazi nyingi nilizozishuhudia zilianza kwa simu. Sasa chuo kikinyamaza, je, simu hizo zitakoma? Zitaendelea kumwendea mpwa wa mtayarishaji, au jirani yake wa Sinza, au kijana aliyekulia Dar es Salaam anayejua leo nani anarekodi wapi. Binti aliyetoka Namtumbo akafaulu uigizaji kwa alama za juu atarudi Namtumbo na cheti chake. Chuo kinachojivunia kutojihusisha na kujuana kimewapendelea wenye wajomba mjini, tena kwa namna ambayo hakuna wa kuulizwa. Kujuana kunakopitia chuoni, kwa orodha inayobandikwa ukutani, angalau mtu anaweza kukukatia rufaa.

Nilipokuwa mwanafunzi, mhitimu mmoja aliyetutangulia aliniita nimsaidie kubeba taa za onyesho lake. Sikupewa hata sentensi moja ya kusema jukwaani. Lakini nilimwona akivutana na mwenye ukumbi kuhusu mgawo wa viingilio, akifupisha onyesho umeme ulipokatika, akiwalipa wapiga ngoma kwanza kabla ya kujilipa yeye. Hakuna mwalimu aliyenifundisha hayo darasani. Kazi yangu ya kwanza ya malipo niliipata kwa mmoja wa wapiga ngoma wa usiku ule. (Nauli ya kurudi sikupewa, na hilo liingie kwenye kumbukumbu.)

Wanaonijua wanasubiri nikitaje kitabu cha Penina Mlama, yuleyule Muhando niliyemtaja mwanzoni, cha mwaka 1991 juu ya utamaduni na maendeleo. Sitawaangusha, nakala yangu ilikwisha kuachana na jalada lake. Kinaeleza kazi ya miaka ya 1980 huko Malya, Bagamoyo, Msoga na Mkambalani. Wasanii wanafika kijijini bila onyesho mkononi. Wanakaa na watu, wanauliza, wanalichambua tatizo pamoja nao. Ngoma na maigizo yanatungwa na wenyeji kwa sanaa wanazozimudu, na baada ya onyesho mjadala unafunguliwa. Angalieni mpangilio huo: onyesho halitangulii. Mlama anashikilia kwamba watu wanaoletewa kitu kilichokwisha kupikwa kwingine hubaki watazamaji, hata kama kinawahusu wao.

Mlama hakuwa akiandika kuhusu wahitimu, najua. Hata hivyo sijaona maneno yanayoihukumu vizuri zaidi ile Siku ya Wahitimu ya vyuo vyetu. Mhitimu maarufu anakuja amevaa suti, anasimulia alivyoteseka, anapigwa picha, anaondoka. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, na baada ya muda ni salamu za Ijumaa na michango ya harusi. Mwanafunzi amebaki mtazamaji wa maisha ya mwenzake.

Katika kuwakutanisha kwa kazi badala ya hotuba, Zanzibar wako mbele yetu. Chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanza mwaka 2002, huwapandisha wanafunzi jukwaani pamoja na walimu ambao ni wanamuziki wa kazi, mbele ya wasikilizaji waliolipa. Kikundi cha muziki cha Siti and the Band ni matunda ya chuo hicho.

Wapo wanaoniambia kwamba wahitimu watawageuza wanafunzi vibarua wa bure. Hilo nalikubali lote, nami ni ushahidi hai. Dawa yake ni mkataba wenye saini ya mkuu wa idara. Baada ya kupima yote, bado nashikilia kwamba mhitimu na mwanafunzi hawajajuana mpaka wafanye onyesho moja pamoja, na kwamba onyesho hilo lihesabiwe katika alama za mwaka wa mwisho. Wenzangu wa kamati ya mitaala wamelikataa hilo. Nitalirudisha kikao kijacho.

Nanyi wahitimu mlioko ukumbini, mwenye mazoezi yanayoanza mwezi ujao alete ratiba ofisini kwetu kesho asubuhi, atutengee nafasi za wanafunzi wawili, na aandike humohumo nani atawalipia nauli.