Hotuba ya Mwenyekiti: Mafunzo ya Kuandika Daftari la Mikopo



Tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha mwaka wa 10. Habari za hisa na mgao mtazipata kwa mweka hazina. Mimi nimeombwa kusema habari ya mafunzo ya daftari la mikopo.

Kazi yetu hapa Tunduma mnaijua. Huyu anauza mchele, yule vitenge, mwingine anavuka Nakonde asubuhi na kurudi jioni, mkononi ana shilingi na kwacha. Kwa hesabu ya kichwa hatushindwi. Lakini mwambie mama akuonyeshe kwenye daftari anadaiwa ngapi, anamwita mtoto aje amsomee. Fedha inaweza kupotea hapo bila hata mwizi.

Aliwahi kuja mwalimu akatufundisha siku mbili. Ubao ulijaa, tukapiga makofi, tukanywa soda. Mkutano uliofuata daftari likaandikwa na yule yule mmoja wa siku zote.

Baadaye tukaelezwa utaratibu wa kuandaa mafunzo unaoitwa ADDIE, uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Florida State kwa jeshi la Marekani mwaka 1975. Hatua ni 5: kuchunguza, kupanga, kuandaa, kufundisha na kupima. Wengine walicheka, jeshi na kibubu wapi na wapi! Lakini jamani, mama zetu mwaka 1973 walikaa vikundi kwa vikundi katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walisikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba choo. Somo lilipimwa kwa choo, si kwa makofi.

Basi tukaanza na kuchunguza, na hapo ndipo tulipokaa sana. Wiki nne tulikaa karibu na meza tukitazama kalamu inasimama wapi. Kujumlisha walijua. Kalamu ilisimama kwenye riba. Chukua mkopo wa shilingi 300,000 kwa miezi 3, riba asilimia 5 kwa mwezi, unarejesha 100,000 kila mwezi. Riba ikihesabiwa kwa mkopo wote kila mwezi, utalipa 45,000. Ikihesabiwa kwa baki, ni 15,000, halafu 10,000, halafu 5,000, jumla 30,000. Hiyo 15,000 inayozidi ni mtaji wa mtu wa nyanya! Katiba yetu inasema kwa baki, ila wengi hawakuweza kuhakikisha kama ndivyo walivyotozwa.

Tukaweka lengo moja tu: kila mama aandike mstari wa mkopo wake, marejesho, riba na baki, bila mtoto pembeni. Tukanakili kurasa za daftari letu wenyewe, majina tumeyaondoa. Tukafundisha nusu saa kabla ya kila mkutano, maana soko halimsubiri mtu siku mbili. Kupima tulifanya mezani, kwa fedha yenyewe, wiki iliyofuata. Aliyekwama alirudia na mwenzake, si mbele ya watu wote, kwa sababu mtu mzima ukimwaibisha harudi tena.

Wapo mabibi ambao kalamu haikukubali. Hao husema baki yao kwa sauti mwisho wa mkutano, na mkutano unaofuata huanza kwa kuikumbuka kabla daftari halijafunguliwa. Sisemi hilo ni pungufu. Wanakumbuka kuliko sisi tunaoandika.

Tena Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi kama chetu daraja la nne, na usajili unatakiwa. Daftari si siri ya mwenyekiti na katibu.

Wanachama wapya 6 wanaoanza Jumamosi wabaki baada ya chakula. Kila mmoja achukue kurasa zake kwa katibu, na kalamu aje nayo.