Bodaboda Katika Njia ya Yeriko

Dominika ya 15 ya Mwaka C
Somo: Luka 10:25-37

Wapendwa wasikilizaji, katika Dominika hii Mama Kanisa anatuwekea mbele yetu mfano wa Msamaria Mwema. Tumeusikia tangu siku za mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, na huenda tumeuzoea mno. Leo ningependa tuutazame kwa upande ambao aghalabu hatuujali, yaani kwamba mambo yale yote yalitendeka barabarani. Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, hakuwapeleka wasikilizaji wake hekaluni wala katika sinagogi. Aliwapeleka njiani, mahali ambapo watu wasiofahamiana hukutana kwa dakika chache, kisha kila mmoja hushika safari yake.

Njia ile ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko ina urefu wa kilomita zipatazo 27. Yerusalemu iko milimani, mita zipatazo 750 juu ya usawa wa bahari. Yeriko iko bondeni, zaidi ya mita 200 chini ya usawa huo. Ni njia ya mteremko, makorongo na kona, na msafiri alitamani kuimaliza upesi. Kuhani alipita upande wa pili, na Mlawi vilevile. Injili haituelezi walikuwa wanawahi nini. Sisi hatushindwi kukisia, kwa maana haraka hiyo tunaijua.

Ndugu zangu, njia zetu za leo zimejaa pikipiki. Jina bodaboda lilizaliwa huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako vijana waliwavusha abiria kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Baadaye baiskeli ziliipisha pikipiki, na hapa Tanzania kanuni za mwaka 2010 ziliiweka kazi hii rasmi chini ya leseni. Tusiidharau kazi hii. Ni nani anayemfikisha mama mjamzito zahanati usiku wa manane, pale ambapo gari halifiki? Ni nani anayempeleka katekista kwenye kigango cha mbali wakati wa masika? Vijana wengi ambao jana walikaa bila kazi, leo wanalisha wazazi na kuwalipia wadogo zao ada kwa pikipiki hiyo hiyo. Hiyo ni kazi halali, na jasho lake ni jasho takatifu.

Hata hivyo, hatuwezi kufumba macho. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani kote. Zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Kwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29, hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kifo, kabla ya ugonjwa wowote. Sisi mapadre na makatekista hatuhitaji kusomewa takwimu hizo. Tunazijua makaburini.

Na huko makaburini tumejizoeza kusema neno moja: "Ajali haina kinga." Wengine huongeza: "Ni mapenzi ya Mungu." Wapendwa, naomba leo tuyapime maneno hayo mbele ya Maandiko Matakatifu.

Katika Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8, tunakuta agizo linaloweza kutushangaza. Mungu anawaagiza watu wake kwamba anayejenga nyumba mpya auzungushie ukingo paa lake, ili mtu asije akaanguka kutoka juu na kuiletea nyumba ile hatia ya damu. Katika nchi ile mapaa yalikuwa bapa, na watu walikaa juu yake kupunga upepo. Basi Mungu hakusema kwamba anayeanguka ameanguka kwa sababu siku yake imefika. Alisema: wekeni ukingo. Tena alisema kwamba asiyeuweka ana hatia, hata kama hakumsukuma mtu. Maana yake ni kwamba mbele za Mungu ajali inayo kinga, na kuiacha kinga hiyo kwa makusudi ni dhambi.

Ukingo wa paa letu ni upi? Ni kofia ngumu, kwanza kabisa. Wataalamu waliochunguza jambo hili katika nchi mbalimbali wamekuta kwamba kofia hiyo hupunguza hatari ya kifo kwa kiasi cha asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa kiasi cha asilimia 69. Lakini ni lazima ivaliwe, na mkanda wake ufungwe chini ya kidevu. Niliwahi kumzika kijana wa miaka 22, dereva wa bodaboda, mwimbaji wa kwaya. Nilipoingia nyumbani kwao kuwafariji wazazi, niliiona kofia yake imetundikwa ukutani, ingali na karatasi ya nailoni ya dukani. Mama yake aliniambia, "Baba Padre, alikuwa anaitunza isichakae." Sikuwa na neno la kumjibu.

Ukingo wa pili ni mwendo wa kiasi. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika sekunde moja. Dereva anayeinamisha macho kutazama simu kwa sekunde tatu amekwenda mita 50 akiwa kipofu. Na tena, mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali unaohitajika ili breki isimamishe chombo huongezeka mara nne. Haya si maoni ya askari wa usalama barabarani. Ni maumbile ya vitu jinsi Mungu alivyoviumba, wala hayamwogopi dereva hodari. Ndiyo maana Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2290, inafundisha kwamba wanaohatarisha maisha yao na ya wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi wana hatia kubwa. Ni neno la kuungama, wapendwa. Nani kati yetu amewahi kuliungama?

Wapo wanaovaa rozari shingoni au kubandika picha ya Mama Maria kwenye tangi la mafuta. Ni vema, na Kanisa hubariki vyombo vya usafiri kwa furaha. Lakini rozari haifanyi kazi ya breki, wala maji ya baraka hayaoti meno kwenye tairi kipara. Bwana Yesu mwenyewe, Shetani alipomshawishi ajitupe kutoka juu ya Hekalu kwa kutumainia malaika, alikataa. Alitufundisha kwamba kumtumaini Mungu na kumjaribu Mungu ni mambo mawili tofauti.

Mpaka hapa huenda baadhi yenu mnatikisa vichwa na kusema, "Padre amewapata vijana wa bodaboda." La, ndugu zangu. Nimekusudia kusema na sisi tunaokaa nyuma yao.

Ni nani humwambia dereva, "Kaka, kimbiza, nimechelewa"? Ni abiria. Ni nani hukataa kofia anayopewa, kwa sababu ya nywele zake au kwa sababu imevaliwa na wengine, ilhali angeweza kufunga kitambaa kichwani kwanza? Ni abiria. Ni nani huwapandisha watoto watatu wakabanwa kama nyama ya mshikaki ili walipiwe nauli moja kwenda shule, wakati sheria inaruhusu abiria mmoja? Ni mzazi, tena huenda ni mzazi aliyetoka Misa ya asubuhi. Kijana yule angekataa, lakini anajua kwamba akikataa, mwenzake atakubali, naye atakosa mkate. Kwa hiyo dhambi ya mwendo ina wazazi wengi. Abiria aliyeiagiza haraka anashiriki hatia yake, hata kama mikono yake haikushika usukani.

Nasema pia na wenye pikipiki. Mnawakabidhi vijana vyombo, nao huwaletea hesabu kila jioni. Hakuna ubaya katika mapatano ya haki. Lakini hesabu ikiwa kubwa kuliko siku ilivyo, kijana atatoka alfajiri na kurudi usiku wa manane, akisinzia juu ya magurudumu mawili. Ikinyesha mvua, hesabu ni ileile. Akiugua, ni ileile. Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anawakemea vikali matajiri wanaowadhulumu vibarua wao. Tajiri Mkristo anampunguzia kijana wake siku ya mvua, na anabadilisha tairi kabla halijaisha.

Hali kadhalika, ninyi wenye magari na malori: pikipiki iliyo mbele yenu si vumbi la kupulizwa kwa honi. Juu yake yupo mwana wa mtu.

Sasa niwageukie ninyi vijana wenyewe. Katika vijiwe vyenu nimeona mema ambayo baadhi ya Jumuiya zetu Ndogo Ndogo zingeweza kujifunza. Mnaye mwenyekiti, mnayo zamu, mnachangiana mwenzenu anapougua, na akifariki mnasimamisha kazi ili kumsindikiza. Huo ni upendo. Lakini msafara ule wa mazishi, wenye honi na mbio, wengine wamesimama juu ya viti vya pikipiki bila kofia, unamheshimuje marehemu ambaye barabara imemwua jana? Msindikizeni kwa mwendo wa pole, taa zikiwaka, ili mama yake asihofie kwamba kesho atalia mama mwingine. Na mwenzenu akigongwa, msimgeukie aliyemgonga kwa mawe na moto. Namba ya gari ishikeni, polisi waiteni, majeruhi mhudumieni. Hasira inapowaka, majeruhi husahaulika chini, kama yule wa njia ya Yeriko.

Naam, tumrudie Msamaria. Je, mmeona alivyofanya? Alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake mwenyewe. Huenda yeye akatembea kwa miguu. Siku ile chombo chake cha usafiri kiligeuka kuwa chombo cha huruma, na kwa mwenye nyumba ya wageni aliacha dinari mbili, na ahadi ya kurudi. Wala hakufanya kwa papara: alifunga majeraha kwanza, ndipo akamwinua. Nasi tujifunze hilo. Aliyeanguka kwa pikipiki anaweza kuwa ameumia shingo au mgongo. Tusimvute kwa mkono, tusimvue kofia kwa nguvu. Tuzuie magari, tukandamize kwa kitambaa safi panapotoka damu, tuite msaada, tukae naye. Mara nyingi wa kwanza kufika ni dereva wa bodaboda. Kijana, ukiwa wewe, umekuwa Msamaria.

Mwisho, nina ombi kwa Jumuiya na kwa makatekista. Juma hili, Jumuiya ikikutana, someni aya hizi za Luka pamoja na ile ya Kumbukumbu la Torati, kisha mwulizane: katika mtaa wetu, ukingo wa paa unakosekana wapi? Katekista na akitembelee kijiwe kilicho karibu na kanisa, asiende kuhubiri tu, bali awasikilize vijana. Mwalikeni mwuguzi wa zahanati awafundishe huduma ya kwanza. Na kila mmoja wetu, kabla ya kupanda, aamke dakika 10 mapema, avae kofia, amwambie dereva neno hili: "Mwanangu, twende taratibu, nyumbani wanatusubiri wote wawili."

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyetembea katika njia zetu kwa miguu yako, uwalinde vijana wetu wanaotafuta riziki barabarani. Utuondolee haraka isiyo na upendo. Uwapokee katika amani yako wote waliofia njiani, uwafariji wazazi wao, na utujalie sisi macho ya kumwona jirani kabla hajaanguka. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!